Walisema shangazi kashusha sauti. Ringi ya gari ikasema vingine

"Wewe unajuaje kwamba hii ndiyo sauti yake?"

Wakuu, swali hilo niliulizwa na mume wa shangazi yangu, sebuleni kwake Kilema, laptop ikiwa mapajani mwangu na familia nzima inanitazama. Mimi, ambaye nyumbani wananiita "Kwanini" tangu niko shule ya msingi, swali hilo sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

Nawasalimu wote, wa zamani na wageni. Haya yametokea kweli, nimebadilisha majina tu kwa sababu shangazi hataki simu za watu. Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, ila asije kuniuliza ringi imetokea wapi.

Mimi naishi Njoro, hapa Moshi mjini. Chuo nimemaliza, ajira bado, kwa hiyo nashoot na kuedit video: ubatizo, kipaimara, sendoff, matangazo ya maduka.

Shangazi, dada yake baba, tumwite Apolonia. Ameolewa Kilema, huko mlimani, ana kahawa na migomba kama majirani zake wote, na ndiye anayeongoza sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo, kwenye kwaya ya kigango chao (kanisa dogo chini ya parokia) tangu mimi sijazaliwa.

Kwa wasiojua, kwaya zetu za parokiani zinaimba kwa nota za do-re-mi. Mwalimu anabonyeza Do kwenye kinanda, waimbaji wanaishika, safari inaanza. Kwa shangazi ni kinyume. Umeme ukikatika yeye anatoa Do kichwani mwake, na umeme ukirudi kinanda kinamkuta palepale.

Na kuna neno moja ambalo kule ni karibu na tusi: kushusha. Maana yake umeimba chini ya nota, umewavuta wenzako shimoni. Mtu akishusha Jumapili, wiki nzima anasemwa kisimani, sokoni na kwenye pombe ya mbege.

Shangazi hajawahi kushusha. Hiyo ni sifa yake kama wengine wanavyosifiwa kwa ng'ombe.

Sasa, akapata goita. Uvimbe shingoni ulikuwepo miaka, ukaanza kumbana pumzi. Daktari akasema atolewe, na akawa mkweli: neva ya sauti inapita karibu sana na pale, sauti inaweza kukwaruza kwa muda, na inaweza isirudi ilivyokuwa.

Tatizo likawa moja. Binti yake wa pekee, Resti, alikuwa anaolewa. Shangazi alishamuahidi kwamba siku ya sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, atamwimbia wimbo aliomtungia mwenyewe kwa Kichagga, yeye akianzisha na kwaya ikimjibu. Upasuaji ulitangulia sendoff.

Akanipigia simu. "Njoo unirekodi kabla hawajanikata. Nikirudi sina sauti, mtoto asikose wimbo wake."

Nikamwambia, "Shangazi usiwaze hivyo, Mungu atasaidia."

"Sijakuita uniombee. Wa kuniombea ninao. Nimekuita urekodi."

Nikapanda Kilema.

Tukarekodi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kamera niliiweka mbali ili nipate na kahawa iliyoanza kuiva, kinasa sauti kidogo nikakiweka karibu naye juu ya kigoda. Kinasa chenyewe nilikiazima kwa rafiki yangu mwenye studio mjini.

Aliimba mara moja tu. Nikamwomba turudie kwa usalama.

"Narudia nini? Kwani nimekosea?"

Hakukosea. Ila alipofunga mdomo na mimi nikainama kuzima kinasa, nikakuta kimejizima chenyewe. Betri, na ya akiba sikuwa nayo, na kesho yake asubuhi shangazi alikuwa analazwa.

Wenye kazi hizi mnajua nilivyojisikia. Kinasa kikifa kabla ya kufunga faili, sauti inaweza kuwepo yote ndani, lakini faili halifunguki. Ni kama gunia la kahawa lisilo na lebo: kahawa ipo, lakini haijulikani ni ya nani wala daraja gani.

Upasuaji ukaenda vizuri, tunashukuru. Shangazi akarudi nyumbani, anakunywa mtori, anatembea. Sauti ikawa mnong'ono. Akitaka kitu anapiga makofi, na akikasirika anapiga makofi mengi.

Kwa hiyo lile faili likawa ndiyo sauti pekee tuliyonayo.

Nikakaa nalo Njoro. Kuna software ya bure inayokuruhusu kuingiza faili likiwa bichi, bila lebo. Inakuuliza maswali machache: chaneli ngapi, biti ngapi, sample rate ngapi (hiyo nitaieleza mbele). Kwenye sample rate tayari kulikuwa kumeandikwa 44100. Nikaacha hivyo, nikabonyeza OK.

Sauti ikatoka. Wakuu, nililia. Shangazi huyo, anaimba, safi kabisa!

Tatizo likaja kwenye kuunganisha na picha. Nikivianzisha pamoja, maneno ya kwanza midomo inakubali, ubeti haujaisha inaanza kutangulia, na mwishoni shangazi amenyamaza lakini bado anasikika. Sauti ilikuwa ndefu kuliko picha.

Ile sauti ya kamera yenyewe ningeweza kuitumia kulinganisha, lakini nilishaitupa. Ilikuwa upepo na majani ya migomba tu, na kadi nilikuwa nimeifuta nikashuti ubatizo. Basi nikafanya nilichoona ni akili: nikapunguza kasi ya picha hadi ikalingana na sauti. Midomo ikakaa.

Nikapeleka Kilema, mbio mbio, najisikia injinia.

Sebuleni walikuwepo Baba Resti, yaani mume wa shangazi, Resti mwenyewe, na Mwalimu Deo wa kwaya, aliyekuja na kinanda ili aone kwaya itamjibu vipi shangazi kwenye video. Shangazi alikuwa jikoni, mlango wazi.

Nikawasha.

Shangazi kwenye skrini alikuwa mzito, ametulia, anageuza shingo taratibu. Hata kuku aliyepita nyuma yake alitembea kama askofu kwenye maandamano.

Resti akasema, "Mama anaonekana kama anaaga."

Mwalimu Deo akasema, "Ni hofu ya kisu. Mtu akiwa na hofu anaimba hivi."

Mnaona? Kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe ni mazuri, yana huzuni ya kutosha. Hata mimi niliyakubali. Nilikumbuka kwamba siku ile alikuwa mkali na mchangamfu, lakini nikajiambia labda alikuwa anaficha.

Baba Resti peke yake akakunja uso. Ameishi na ile sauti maisha yake yote ya ndoa. Ndipo akaniuliza lile swali. Nikajibu kwamba kinasa hakidanganyi. Akasema, "Sijauliza kama kinadanganya. Nimeuliza unajuaje."

Mwalimu Deo akawasha kinanda. Wimbo ule wanauimba Do ikiwa G. Akabonyeza, haikukaa. Akashusha kinanda hatua moja, yaani ufunguo mmoja, bado sauti ya shangazi iko chini. Akashusha hatua ya pili, sasa kinanda ndicho kikawa chini yake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ufa, katikati ya funguo mbili.

Mwalimu akarudia mara kadhaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa heshima, lakini alisema.

"Mama Resti kashusha."

Kofi likasikika jikoni. Moja tu.

Shangazi akaja mlangoni na mwiko mkononi. Hatukujua amesikia kiasi gani. Akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akanong'ona, na tulilazimika kuinama ili tumsikie:

"Kama nimeshusha, isipigwe. Sitaki mwanangu aagwe na wimbo wa kuchekwa."

Resti akaanza kulia. "Mama, hakuna atakayejua!"

"Mimi nitajua."

Mwalimu akajitetea kwamba anaweza kutafuta namna ya kukikoroga kinanda kidogo kimfuate. Shangazi akatikisa kichwa. Akarudi jikoni. Hapo ikawa imeisha: hakuna video, hakuna wimbo, na sauti yenyewe hakuna aliyejua kama itarudi.

Nilishuka mjini nimevurugwa. Kilichonikera zaidi ni ule ufa. Mtu akiimba kwa hofu, anayumba. Anaanza juu, anateleza, anajikamata. Shangazi hakuyumba hata kidogo. Alikuwa chini kwa kiwango kilekile kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Nani anaogopa kwa usawa namna hiyo?

Kesho yake mchana nikavaa headphone, nikasikiliza si wimbo bali kila kitu ambacho si wimbo. Majani. Mbuzi. Pikipiki kule barabarani, inayonguruma kama lori.

Na kwenye ubeti wa tatu, kwa mbali, kengele ya kigango.

Niwaambie kuhusu kengele ile. Siyo kengele. Ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo pembeni ya kanisa, inagongwa kwa chuma. Vigango vingi vya kwetu ndivyo vilivyo. Nimeisikia kila Krismasi ya maisha yangu, ukoo mzima ukipanda nyumbani. Na kwenye headphone ilikuwa nzito, kama imefunikwa blanketi.

Kumbukumbu ya sikio siiamini, hata langu. Kwa hiyo nikaipima kwenye laptop, nikaandika namba yake, na asubuhi iliyofuata nikapanda tena Kilema na app ya simu inayoonyesha nota.

Katekista nikamkuta anafagia kanisa.

"Shikamoo. Naomba unigongee kengele mara moja."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, nataka kuipima."

"Unaipima inaumwa nini?" Akacheka hadi akaegemea ufagio. "Binti, nikigonga saa hizi, watu watatoka mashambani kuuliza msiba uko kwa nani. Subiri sala ya Malaika wa Bwana, saa sita."

Nikasubiri. Nikamuuliza kama ringi imewahi kubadilishwa tangu siku niliyorekodi.

"Hii? Hii ni ya lori lililokuwa linabeba kahawa ya chama. Nimeikuta hapa na nitaiacha hapa."

Saa sita ikafika, akagonga. Nikatazama simu. Ringi yenyewe, pale mbele yangu, ilikuwa juu kuliko ringi ya kwenye rekodi. Na tofauti yake ilikuwa ileile ya shangazi na kinanda: imepita hatua moja, haijafika mbili. Ufa uleule.

Wakuu, niliruka. Katekista akadhani nimeumwa na siafu.

Shangazi angeweza kuogopa kisu. Ringi inaogopa nini? Kama vyote viwili vimeshuka kwa kipimo kimoja, basi hakuna aliyeshusha. Kilichoshuka ni rekodi.

Sasa nieleze kwa lugha ya kawaida, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Kinasa sauti hakihifadhi sauti. Kinahifadhi vipimo vya sauti, maelfu kwa kila sekunde, na idadi hiyo ndiyo sample rate. Muziki wa CD ulizoea 44,100 kwa sekunde. Video imezoea 48,000.

Fikirini foleni ya komunyo. Waumini ni walewale, lakini padre akiwa taratibu, foleni inachukua muda zaidi. Kinasa kilichukua vipimo 48,000 kila sekunde, na mimi nikaiambia laptop ivisome 44,100 kila sekunde. Hakuna kipimo kilichopotea wala kuharibika. Vimesomwa polepole tu, na sauti ikisomwa polepole inarefuka na inashuka kwa pamoja. Kushuka kwenyewe ni takriban hatua moja na nusu ya kinanda.

Kwa kawaida software hairuhusu hili litokee. Faili zima lina lebo inayosema "nisome kwa 48,000", na ukiliweka kwenye project ya 44,100 software inageuza yenyewe. Langu lilikosa lebo kwa sababu betri iliisha. Na mahali pa lebo nikakubali namba iliyokuwa imeandikwa tayari. Nahoji mapadre, nahoji wahadhiri, nahoji bei ya nyanya, lakini kisanduku chenye namba sikukihoji.

Nilimpigia yule rafiki mwenye kinasa. Akaangalia mipangilio. "Kiko 48, siku zote. Si nafanya video?"

Nikaingiza faili upya, nikaandika 48000. Sauti ikapanda, ikakaa sawa. Nikairudisha picha kwenye kasi yake ya asili, na midomo ikakubali yenyewe bila mimi kugusa chochote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuku naye akatembea kama kuku.

Nikarudi Kilema na kumwomba Mwalimu Deo aje na kinanda.

Shangazi hakutaka kuja sebuleni. Nikaweka laptop palepale jikoni, juu ya meza ya kumenyea ndizi. Nikawasha.

Alikuwa anamenya. Kisu kikasimama.

Yule wa kwenye skrini hakuwa anaaga mtu. Alikuwa mkali, mchangamfu, anamtania bwana harusi kwa Kichagga, mabega yanacheza. Mwalimu Deo akabonyeza G. Ikakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Mwalimu akaondoa mikono kwenye kinanda. "Mama Resti, nimekukosea. Nisamehe."

Shangazi akanong'ona, "Umeniita mshusha sauti. Wewe ambaye kinanda chako kinakimbiza kwaya kila Jumapili kama kimeona moto."

Tulicheka sana, na Mwalimu alicheka kuliko wote, maana ni kweli.

Baba Resti alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Baba, sasa najua." Nikamweleza habari ya ringi na vipimo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo shahidi wako ni ringi ya lori."

"Ndiyo."

"Mimi nilisikia tu kwamba mke wangu haimbi kama mgonjwa." Akamgeukia shangazi. "Ipigwe?"

Shangazi akapiga makofi. Mengi, lakini yale ya furaha, tofauti tulishaijua. Kisha akanong'ona, "Aika mae," yaani asante kwa Kichagga, akaendelea na ndizi zake.

Sendoff ikafanyika kwenye ukumbi wa parokia. Baada ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kuingia na kukatwa, taa zikapunguzwa, shangazi akatokea ukutani akiwa kwenye migomba yake, akaanzisha wimbo. Kwaya ikasimama ikamjibu, Mwalimu Deo yuko kwenye G, na kwa mara ya kwanza hakukimbia. Resti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, make-up yote imekwisha. Shangazi alikaa meza ya wazazi, midomo inacheza kufuata video.

Hadi naandika, sauti yake inarudi kidogo kidogo. Daktari anasema inaenda vizuri. Anaweza kumwita mbwa sasa, na mbwa anakuja.

Nilichojifunza, kwa mnaofanya kazi hizi. Ukishuti video, weka kila kitu 48,000: kinasa, kamera, project, hadi mwisho, usichanganye. Sauti ya kamera usiitupe hata kama ni upepo mtupu. Ndiyo shahidi wako. Piga kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni, uone kama yote mawili yanalingana na picha. Na sauti ikiwa ndefu kuliko picha, usikimbilie kuivuta picha kama nilivyofanya. Jiulize kwanza kwa nini ni ndefu.

La pili ni la watu wote. Kosa la namba lilipotokea, sisi sote tulilitafutia sababu ya kibinadamu: hofu, ugonjwa, kuaga. Sababu ilikuwa nzuri hadi tukaacha kutafuta. Ilikaribia kumnyang'anya mama wimbo wake na sifa yake kwa mpigo.

Kama kuna mtaalamu humu anayejua njia rahisi zaidi ya kugundua sample rate ya faili lisilo na lebo, bila kupanda mlima kugongewa ringi, atufundishe. Na wewe ambaye mashine imewahi kumsingizia mtu wako, hebu simulia. Waliokuja kusema "too long" pia karibuni, nimewaona.

EDIT: Narudi baada ya muda mrefu, uzi naona bado unasomwa. Jumapili hii nilikuwa Kilema. Baada ya misa, mama mmoja wa kwaya aliyekaa jirani na shangazi siku ya sendoff alinishika mkono, akaniambia kitu ambacho sikukijua wakati wote huu. Ile midomo haikuwa inafuata video. Shangazi alikuwa anaimba, taratibu sana, chini ya kelele za kwaya. Na hakuwa anaimba sehemu yake. Ya kwanza alimwachia yule wa ukutani, yeye akajiimbia sauti ya pili.